Upasuaji wa macho kwa mkazi wa Tabora: mtoto wa jicho hapa mkoani, retina safarini

Katika kipindi cha mwaka mmoja na nusu uliopita nimewasindikiza hospitali wagonjwa wawili wa ukoo wetu, wote wakiwa na shida ya macho. Wa kwanza ni mama mkubwa, mwenye umri wa miaka 71, anayeishi Isevya hapa Tabora mjini, ambaye alikuwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Wa pili ni mjomba, mwenye miaka 48, dereva wa malori yanayobeba tumbaku kutoka Urambo, ambaye retina ya jicho lake la kushoto, yaani ngozi ya ndani ya jicho inayopokea picha, ilibanduka. Wote wawili walipoulizwa wanasumbuliwa na nini walijibu kwa maneno yaleyale, kwamba wanaona ukungu, nasi watu wa nyumbani tukayapokea maneno hayo kana kwamba ugonjwa ni mmoja. Haukuwa mmoja, wala huduma waliyoihitaji haikuwa moja. Nimeona niandike tathmini ya huduma zote mbili kwa ajili ya wakazi wa Tabora na ndugu zetu wa Kigoma, kwa kuwa kosa tulilolifanya sisi nimeliona kwa majirani pia: mgonjwa anayeweza kutibiwa karibu hupelekwa mbali kwa gharama kubwa, na yule ambaye angepaswa kuwa safarini siku hiyohiyo huachwa nyumbani akitiwa matone.

Mama mkubwa alikaa na ugonjwa wake karibu miaka minne. Alikuwa anaogopa kisu, na kila aliyekuja kumjulia hali alikuja na dawa yake. Kwetu Tabora asali haikosekani nyumbani, na ndiyo iliyotangulia kutiwa jichoni, tone asubuhi na tone jioni, kwa miezi kadhaa. Waliomtilia walimpenda, na sina nia ya kumlaumu hata mmoja, lakini asali haifiki mahali palipo na ugonjwa. Mtoto wa jicho si utando ulioota juu ya jicho hata uweze kuoshwa au kukwanguliwa. Ni lenzi ya jicho yenyewe, iliyoko nyuma ya mboni, ambayo imepoteza uangavu wake kama ute wa yai unavyogeuka mweupe unapopata moto. Hakuna tone, liwe la asali, la majani au la duka la dawa, linaloweza kuirudisha ilivyokuwa. Tiba yake ni moja tu, kuiondoa lenzi iliyochafuka na kuweka ya bandia mahali pake.

Tulimpeleka katika hospitali ya misheni iliyomo humuhumu mkoani. Majina ya hospitali tulizotibiwa sitayataja, kwa sababu ninachotaka msomaji akipime ni namna huduma inavyotolewa, ambayo ataweza kuidai popote atakapokwenda. Tulifika saa mbili asubuhi tukakuta foleni ya watu wapatao arobaini, wengi wao wazee waliotoka Sikonge, Uyui na Kaliua, kila mmoja akiwa na kijana wa kumshika mkono. Muuguzi wa zamu alimsalimu mama mkubwa kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka, mama," naye uso ukamkunjuka. Mgonjwa aliyekuja akitetemeka hupimwa vibaya, na huenda akageuka mlangoni akarudi kwake. Kwa hiyo salamu ile naihesabu kuwa sehemu ya huduma, na niliiona ikitolewa kwa kila mzee aliyekaa kwenye benchi lile.

Vipimo vilichukua saa tatu, na ndivyo vilivyonifundisha mengi kuliko upasuaji wenyewe. Kwanza walimsimamisha mbele ya ubao wenye herufi E zinazoelekea pande mbalimbali, akatakiwa kuonesha kwa vidole mkono wa E umeelekea wapi, njia ambayo humfaa hata asiyejua kusoma. Kwa jicho la kulia hakuiona hata herufi kubwa ya juu kabisa. Hapo muuguzi alimwingiza katika chumba chenye giza, akalifunika jicho moja, akamulika tochi kutoka juu, kisha chini, kisha upande wa sikio, kisha upande wa pua, na kila mara akamwuliza mwanga unatoka wapi. Mama mkubwa alijibu sawasawa mara zote nne. Mimi nilidhani ni mchezo wa kumtuliza. Daktari alinieleza baadaye kwamba lenzi, hata ichafuke kiasi gani, bado hupitisha mwanga kidogo, na kama retina iliyo nyuma ni nzima, mgonjwa atajua mwanga unatoka upande gani. Akishindwa kuutambua upande mmoja, huenda tatizo liko nyuma ya lenzi, na upasuaji wa mtoto wa jicho peke yake hautampa kuona. Walimtia matone ya kupanua mboni, wakasubiri, wakalitazama jicho la kushoto hadi nyuma. La kulia lilikuwa limeziba mno hata daktari hakuweza kuona kitu, akalipima kwa ultrasaundi ili ahakikishe kwamba retina imekaa mahali pake. Walipima pia presha ya macho, kwa sababu presha inayoua mshipa wa kuonea nayo hujificha nyuma ya mtoto wa jicho, na sukari ya damu.

Kipimo kingine ambacho wagonjwa wengi hawajui kukiulizia ni cha kuchagua nguvu ya lenzi ya bandia. Macho ya watu hayalingani kwa urefu, kama miguu isivyolingana kwa viatu, na kosa la milimita moja tu katika kupima urefu wa jicho humwacha mgonjwa akihitaji miwani ya karibu namba mbili na nusu hadi tatu baada ya upasuaji. Hospitali hii ilipima kila jicho kwa mashine na kuandika namba kwenye kadi. Nimewahi kukutana na wazee waliofanyiwa upasuaji mahali pengine, wakawekewa lenzi ya namba ya wastani bila kupimwa, na mmoja wao analiona embe lililoko juu ya mti vizuri kuliko ugali ulioko mbele yake. Lenzi yake ni safi kabisa. Nguvu yake ndiyo siyo.

Kuhusu njia ya upasuaji, familia iligawanyika. Binti yake aliyeko Dar es Salaam alitaka mama apelekwe huko akafanyiwe fako, njia ambayo mashine huivunjavunja lenzi kwa mawimbi ya sauti kupitia tundu la milimita mbili au tatu. Hospitali ya misheni hutumia upasuaji wa mkono, ambapo daktari hufungua njia ya milimita sita au saba kwenye sehemu nyeupe ya jicho, akaitoa lenzi ikiwa nzima, na njia hiyo ikajifunga yenyewe bila kushonwa. Mimi nilisimama upande wa misheni, na sijajuta. Fako ni njia nzuri, hasa kwa mtu aliyewahi hospitali mapema, ambaye lenzi yake bado ni laini na anataka kurudi kazini haraka. Lakini lenzi ya mama mkubwa ilikuwa imekuwa ngumu na ya rangi ya kahawia, na lenzi ya namna hiyo huitaka mashine itumie nguvu nyingi ndani ya jicho, nguvu ambayo huweza kuidhuru konea, kile kioo cha mbele ya jicho. Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti uliofanyika Nepal kwa wagonjwa 108 waliokuwa na mtoto wa jicho aliyekomaa sana, ukizilinganisha njia hizi mbili. Baada ya miezi sita, asilimia 98 ya wagonjwa wa kila kundi walikuwa wamefikia kiwango kizuri cha kuona wakiwa na miwani, na upasuaji wa mkono ulichukua muda mfupi zaidi kwa gharama ndogo zaidi. Kwa mzee wa Tabora mwenye mtoto wa jicho aliyekomaa, kumsafirisha hadi pwani kwa ajili ya jina la mashine hakuna maana yoyote ninayoiona.

Mama mkubwa mwenyewe hakujali mashine. Lililomtia wasiwasi ni kukaa na kitu cha plastiki ndani ya jicho mpaka kufa kwake. Nilimsimulia habari ya daktari Mwingereza, Harold Ridley, aliyewatibu marubani wa vita ya pili ya dunia, akaona kwamba vipande vya plastiki vya madirisha ya ndege vilivyoingia machoni mwao vilikaa humo bila kuleta madhara, ndipo mwaka 1949 jijini London akaweka lenzi ya kwanza ya bandia katika jicho la mgonjwa. "Basi kama lilikaa kwa askari, litakaa na kwangu," akasema, akaitia dole gumba karatasi ya ridhaa.

Upasuaji ulifanyika siku iliyofuata. Alipigwa ganzi ya sindano pembeni mwa jicho, akabaki macho akisikia kila neno, na kabla sijamaliza chai niliyoinunua langoni akawa ametolewa nje. Tulilipa shilingi 180,000 kwa jicho moja, pamoja na lenzi na kitanda cha usiku mmoja. Asubuhi walipomfungua bandeji alimtazama yule muuguzi aliyempokea kwa Kinyamwezi, akashangaa: "Kumbe wewe ni mtoto mdogo hivi, mwanangu! Kwa sauti nilidhani u mtu mzima." Kwenye ubao alisoma mistari minne.

Pamoja na sifa hizo, hospitali ina kasoro ambazo haifai kuzinyamazia. Maelekezo ya matone yalitolewa kwa mdomo, kwa haraka, kwa wagonjwa kumi na wawili kwa pamoja, wakati ambapo kila mmoja alitakiwa kutia dawa ya kuua vijidudu na dawa ya kutuliza uvimbe mara kadhaa kwa siku kwa wiki nne na zaidi, zikipunguzwa hatua kwa hatua. Mzee anayerudi kijijini Uyui akiwa na chupa mbili zinazofanana hawezi kuyakumbuka hayo yote. Karatasi moja yenye picha ya jua linalochomoza, jua la utosini na mwezi ingetosha. Chupa ya pili ya matone haikuwepo dirishani, nasi tukaitafuta katika maduka matatu ya dawa mjini. Aidha, hakuna aliyewaambia wazi wale wagonjwa kwamba jicho lililopasuliwa likianza kuuma, likawa jekundu na kuona kukapungua, hilo si jambo la kungojea tarehe ya kliniki. Ni dalili ya uambukizo ndani ya jicho, unaoweza kuliua kwa siku mbili tatu, na mgonjwa anatakiwa arudi siku hiyohiyo hata kama ni usiku. Nililisikia kwa sababu niliuliza. Asiyeuliza alikwenda zake bila kulijua.

Jambo jingine wagonjwa waelezwe mapema: lenzi ya bandia ya kawaida haijikunji kama ya kuzaliwa. Mama mkubwa sasa anawatambua watu wa upande wa pili wa barabara, lakini kuchambua mchele kunamtaka avae miwani ya kusomea, na alidhani upasuaji umeharibika. Wengine, baada ya miezi au miaka, hurudiwa na ukungu kwa sababu kifuko kilichoishika lenzi kimepata utando, na huo huondolewa kwa leza kwa dakika chache bila kisu. Mtoto wa jicho mwenyewe harudi.

Neno fupi kuhusu kambi za macho zinazoletwa wilayani. Nazisifu, maana zimewapa kuona watu ambao wasingepata nauli ya kufika mjini, na gharama huwa ndogo au hakuna kabisa. Ila kambi ipimwe kwa yaleyale: je, wanapanua mboni na kutazama nyuma ya jicho kabla ya kumwandika mtu kwa upasuaji, je, wanapima nguvu ya lenzi, na nani atamwona mgonjwa wiki moja baada ya magari ya wageni kuondoka? Kambi isiyo na jibu la swali hilo la mwisho nisingempelekea mzazi wangu.

Habari ya mjomba ni nzito zaidi, nami naiandika kwa uchungu. Yeye tangu ujana huvaa miwani mizito ya kutoona mbali. Mwezi wa saba, akiwa barabarani usiku, alianza kuona vimulimuli pembeni mwa jicho la kushoto hali hakuna gari lililokuwa likija, na kesho yake vitu vyeusi vidogovidogo, mithili ya mbu, vikawa vinaelea mbele yake kila alipotazama mbingu. Siku ya nne pazia jeusi likaanza kupanda kutoka chini, upande wa puani. Alikwenda kwenye kliniki moja ya macho, ambayo siitaji, akamulikwa kwa tochi kwa mbele tu, akaambiwa kwamba mtoto wa jicho ndiyo kwanza anaanza, akauziwa matone na kutakiwa kurudi baada ya miezi sita. Mboni haikupanuliwa. Hakuna aliyelitazama jicho lake nyuma. Siku kumi na sita zilipita kabla hajanipigia simu, na aliponisimulia habari ya pazia nilikumbuka kile chumba chenye giza cha mama mkubwa. Nilimtaka mkewe azime taa, afunike jicho zima, amulike tochi ya simu kutoka pande nne. Kutoka chini upande wa pua mjomba hakujibu kitu.

Yafaa msomaji aelewe kilichokuwa kikitokea. Retina ni ngozi nyembamba inayotandaza ukuta wa ndani wa jicho, nayo ndiyo inayopokea picha. Katikati ya jicho mna ute mzito ambao, mtu akizeeka, au mapema zaidi kwa wenye miwani mizito ya kutoona mbali, husinyaa na kujivuta. Ukiivuta retina mahali palipo dhaifu huitoboa, na ule mvuto ndio unaoleta vimulimuli. Kisha maji hupenya kwenye tundu na kuibandua retina ukutani, kama karatasi ya ukutani inavyoachia ikipata unyevu, na sehemu iliyobanduka huwa pazia. Ikigunduliwa ikiwa tundu tu, leza huweza kuizingira na kuizuia kwa muda mfupi, mgonjwa akarudi nyumbani siku hiyohiyo. Ikiwa imeanza kubanduka lakini kitovu chake, mahali tunapotumia kusoma na kutambua sura, bado kimeshika, upasuaji huhitajika ndani ya siku moja au mbili. Kitovu kikishaachia, kila wiki inayopita hupunguza kile kinachoweza kuokolewa, na baada ya majuma kadhaa makovu huikunja retina na kuifanya ngumu kurudishwa. Mjomba alipofika mbele ya daktari wa macho wa hapa mkoani, aliyemtazama vizuri na kumwandikia rufaa palepale, kitovu kilikuwa kimekwisha kuachia.

Upasuaji wa retina haufanyiki kila mahali penye chumba cha upasuaji wa macho. Hospitali zetu za rufaa za mikoa, Kitete kwa Tabora na Maweni kwa Kigoma, ni mahali pa kuanzia na kupata rufaa. Bugando ya Mwanza ndiyo hospitali kubwa ya kanda iliyo karibu nasi. Na kwa macho majina yanayosikika zaidi nchini ni KCMC ya Moshi, pamoja na Muhimbili na CCBRT za Dar es Salaam. Ushauri wangu ni kwamba kabla ya kukata tiketi, daktari anayeandika rufaa apige simu ahakikishe kuwa daktari bingwa wa retina yupo wiki hiyo na mashine inafanya kazi, kwani mgonjwa wa retina aliyesafiri siku moja na kuambiwa arudi wiki ijayo amepoteza kitu kisichorudi. Sisi tulipelekwa Dar es Salaam, kwa basi la kupitia Singida na Dodoma, mjomba akiwa ameinamisha kichwa alivyoagizwa.

Huko daktari alitueleza njia zilizopo kwa utulivu ambao nautaja kwa shukrani. Kuna kuufunga mkanda mdogo wa silikoni kwa nje ya jicho, ukaubonyeza ukuta uifuate retina. Hiyo huwafaa zaidi vijana ambao ute wao bado ni mzito. Kuna kuingia ndani ya jicho kwa vyombo vyembamba kama sindano, kuuondoa ule ute wote, kuilaza retina na kuichoma kwa leza pembeni mwa tundu, upasuaji uitwao vitrekitomi. Baada ya hapo jicho hujazwa kitu cha kuishikilia retina mpaka ipone, na hapo ndipo alipouliza swali ambalo sikulitarajia: "Mnatoka wapi, na mtarudi kwa usafiri gani?"

Nilidhani anauliza kwa mazungumzo tu. Kumbe jibu letu lilibadilisha tiba. Jicho huweza kujazwa gesi, ambayo huyeyuka yenyewe baada ya wiki kadhaa na kumwondolea mgonjwa upasuaji wa pili, lakini gesi hupanuka mtu anapopanda juu, na presha ndani ya jicho ikapanda nayo hata kuweza kumpofusha. Ndiyo maana mwenye gesi jichoni hukatazwa kabisa kupanda ndege. Tabora iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na Dar es Salaam iko pwani. Hivyo hata kwa basi au kwa treni, mjomba angekuwa anapanda mlima mrefu bila kujua. Angetakiwa kubaki pwani mpaka gesi iishe, na hatukuwa na uwezo huo. Akawekewa mafuta ya silikoni, ambayo hayapanuki, kwa sharti la kurudi baada ya miezi kadhaa ili yatolewe. Mgonjwa yeyote wa nyanda za juu anayetibiwa retina pwani amweleze daktari anakoishi hata asipoulizwa.

Gharama yake ilikuwa zaidi ya mara kumi ya ile ya mama mkubwa, na mjomba hana bima. Ukoo ulichanga, mbuzi waliuzwa. Kwa wenye bima, nawasihi waulize mapema, na wapate jibu la maandishi, kama mfuko wao unalipia upasuaji wa retina, mafuta na ile safari ya pili ya kuyatoa, maana mambo hayo matatu hutozwa kila moja peke yake. Wazee wasiojiweza wenye miaka 60 na kuendelea, ambao sera ya nchi inawapa msamaha katika vituo vya serikali, waende na kitambulisho na barua ya serikali ya mtaa au kijiji tangu siku ya kwanza, kwa sababu kuzifuata nyuma wakati mgonjwa yuko kitandani huchukua siku.

Kasoro niliyoiona huko ilikuwa ya mahali pa kukaa. Baada ya upasuaji mjomba aliagizwa alale kifudifudi kwa siku saba, akila na kusali akiwa ameinama, ili mafuta yaisukume retina vizuri. Wodi ilikuwa imejaa, akaruhusiwa siku ya pili. Tulimlaza kwa ndugu yetu Tandika juu ya godoro lililokatwa mahali pa uso, ubunifu wa shemeji ambao daktari alipousikia aliusifu. Mgonjwa asiye na ndugu Dar es Salaam angeufanyia wapi utaratibu huo? Hospitali zinazopokea rufaa za retina kutoka magharibi ya nchi zingejenga hata banda la kulala wagonjwa hawa, wakalipia kwa bei ndogo, nina hakika matokeo yao yangekuwa bora.

Retina ya mjomba ilishika. Baada ya miezi mitano mafuta yalitolewa, na kwa kuwa mafuta huichafua lenzi, alifanyiwa na upasuaji wa mtoto wa jicho katika safari hiyohiyo, naye akiwa kijana wa kufanyiwa fako. Leo kwa jicho la kushoto anazisoma namba za gari lililoegeshwa karibu, ila mistari iliyonyooka huiona imepinda, na hilo linatokana na kitovu kukaa siku nyingi nje ya mahali pake. Leseni ya lori ameiweka kando, anasimamia ghala. Kama yule wa kliniki ya kwanza angeipanua mboni, kazi ya dakika thelathini na tone moja la dawa, pengine leo angekuwa kwenye usukani. Simwombei mtu mabaya, ila naiombea kliniki ile taa ya kutazamia nyuma ya jicho, na mtu anayejua kuitumia.

Wenye kisukari wana sababu zaidi ya kulidai hilo. Sukari huiharibu mishipa midogo ya retina kimyakimya, mtu akiwa bado anaona vizuri, na tiba yake, ambayo ni leza au sindano za dawa ndani ya jicho zinazorudiwa kwa miezi, huhifadhi kile kilichobaki kuliko kurudisha kilichopotea. Kwa hiyo wanapaswa kutazamwa retina kila mwaka. Mwenye kisukari akipata na mtoto wa jicho, retina iangaliwe na ikiwezekana itulizwe kwanza, kwani upasuaji wa mbele huweza kuuchochea uvimbe wa nyuma.

Kwa mtoto wa jicho, basi, nawapa wenzangu wa Tabora moyo wa kubaki karibu na nyumbani, kwenye hospitali inayotazama nyuma ya jicho na kupima lenzi. Kwa vimulimuli, vitu vyeusi vinavyoelea kwa ghafla au pazia, wasilale na jambo hilo usiku wa pili. Jicho la kushoto la mama mkubwa limepangiwa upasuaji baada ya mavuno, palepale misheni, na safari hii amekataa kusindikizwa hadi mlangoni. Mjomba naye, katika ziara ya mwisho Dar es Salaam, alitazamwa jicho la kulia, lile zima, likakutwa na sehemu mbili nyembamba na tundu moja dogo ambalo halikuwa limempa dalili yoyote. Lilizungushiwa leza asubuhi ileile, na jioni tukapanda basi.